Wiki Kumi na Mbili za Baruti

Mtu akikwambia paka wa Kiajemi huzaliwa mzuri, mwulize kama aliwahi kumwona siku ya kwanza. Ndolo aliwaona wanne kwa mpigo, Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyowekwa kando ya kitanda chake huko Kola, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Hizi si fuko?" Kila mmoja angetosha kwenye kiganja na nafasi ibaki. Macho yamefumbwa, masikio yamelala kichwani kama yamegandishwa kwa gundi, miguu haijui kazi yake. Wawili walikuwa wa rangi ya majivu, mmoja wa rangi ya uji wa wimbi, na wa mwisho mweupe, au tuseme wa waridi, kwa jinsi ngozi ilivyoonekana chini ya vile vinyweleo.

"Ngoja tu, Baba," alisema Wavinya, binti yake, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili wa katoni. "Wiki kumi na mbili. Utaona maajabu."

Ndolo aliyasoma maneno hayo midomoni mwa binti yake. Kuyasikia, hakuyasikia.

Ndolo alikuwa kiziwi, na katika dunia nzima hapakuwa na mtu aliye hai anayejua. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa baruti katika machimbo ya mawe ya Mlolongo. Masikio yalimwacha polepole, kama mpangaji anayehama kitu kimoja kimoja: kwanza ndege, kisha sauti za watoto, kisha simu, kisha karibu kila kitu. Aliyejua alikuwa Kalunde, mkewe. Watu wakiongea na Ndolo, Kalunde alikaa ubavuni mwake. Akimgusa kiwiko mara moja, jibu ni ndiyo. Mara mbili, hapana. Mengine yote alijibu mwenyewe, mpaka kanisani wakamwona mwanamke mwenye mdomo. Masikini, hakuwa na mdomo wowote, alikuwa akimsitiri mumewe. Kalunde alipofariki miaka miwili iliyopita, Ndolo alizika mke na masikio siku moja.

Siku chache baada ya mazishi Wavinya alimkalisha chini. Alisimama mbele yake kwenye mwanga, kwa hiyo kila neno lilimfikia. "Baba, siku nitaona huwezi kukaa peke yako, sitabishana na wewe. Nakupeleka kwangu Mlolongo na hii shamba tunakodisha." Hakuwa binti mbaya. Shida yake ni kwamba akisema neno hulitimiza, tangu akiwa mtoto wa shule. Ndolo aliijua ile nyumba yake ya ghorofa ya tatu, karibu na pale malori yanapopimwa uzito, na alijua kwamba akipelekwa kule hatarudi Kola ila kwa jeneza. Basi akaamua kujificha, na kwa miaka miwili alijificha vizuri kuliko mwizi. Simu hapokei, anasema mtandao wa Kola ni mbovu, aandikiwe ujumbe. Na huku majirani wanatazama mpira kwa mtandao huohuo. Kanisani husimama benchi la mbele likisimama. Akiulizwa jambo asilolipata, husema "Sawa."

Na ni hiyo "Sawa" iliyomletea paka. Jumapili moja Wavinya alikuwa akiongea huku ameinamia kikombe chake, Ndolo asiione midomo. Alidhani anaulizwa kama chai iongezwe. "Sawa," akasema, na akasogeza kikombe. Wiki iliyofuata binti akashuka na paka mwenye mimba, mnene, mwenye manyoya kama kitambaa cha kochi na uso bapa kama amegonga mlango. Jina lake Sultana. Kumbe Sultana alizaa mara ya kwanza kule ghorofani, na mtikisiko wa malori ukamtia wazimu. Usiku na mchana alikuwa akiwabeba watoto kwa meno kutoka kabati moja hadi jingine, mpaka wakafa wote. Daktari wa mifugo akasema mara hii atafutiwe mahali patulivu. Sasa Ndolo angesema nini? Alishakubali.

Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo, na hakuna aliyetarajia kwamba ataipenda. Kila asubuhi, kabla ya chai, awapime watoto mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni, aandike uzito kwenye daftari, apige picha ya ukurasa, amtumie Wavinya kwa simu. "Mtoto wa paka huwezi kumjua kwa macho, mwaitu," alimwambia binti yake kwa ile sauti yake kubwa, baada ya wiki ya kwanza. Alimwita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu Wavinya ndiye aliyebeba jina la mamake Ndolo. "Unamwona amelala unasema ameshiba, kumbe anakwisha. Mizani ndiyo inasema ukweli."

Akajifunza mengi. Kwamba kitovu hukauka na kuanguka chenyewe kufikia siku ya nne au ya tano. Kwamba kila mtoto huchagua chuchu yake na kuirudia, na akikuta mwenzake ameishika hupigana naye, hata kabla ya kuwa na macho. Kwamba wakati huo wote hawaoni wala hawasikii. Wanamjua mama kwa joto, kwa harufu, na kwa ule mngurumo wa kifua chake unaopita kwenye ngozi. Ndolo aliweka vidole kwenye mbavu za Sultana akausikia kwa ncha za vidole, akakaa hivyo muda mrefu. Alimkumbuka Kalunde, na hakuona haya kulia mbele ya paka.

Siku ya tisa jicho la kwanza lilifunguka, la mmoja wa majivu, upande mmoja tu, na huyo mwenye jicho akamwona Ndolo na kumtolea meno asiyokuwa nayo. Kufikia siku ya kumi na mbili wote walikuwa na macho ya buluu ya maji. Halafu masikio yakaanza kunyanyuka. Yalisimama polepole, yakakaa mbalimbali pembeni mwa kichwa, madogo, ya mviringo. Wiki ya tatu walikuwa wakitembea kama walevi wa chang'aa, meno yakitoboa ufizi kama punje za mtama. Wiki ya nne walijifunza kwenda haja kwenye beseni la mchanga, na uji wa nyama ya kuku waliukanyaga kwanza ndipo wakaula. Manyoya yakafura. Nyuso zikarudi ndani, pua ikawa kifungo cha shati, na kila asubuhi Ndolo akawa anawapangusa machozi kwa pamba na maji ya uvuguvugu, maana wenye nyuso hizo hutokwa na machozi hata wakiwa na raha.

Wavinya alikuja kila Jumamosi. Aliwapa majina marefu ya kwenye karatasi za ukoo, majina kama ya kampuni ya mawakili. Ndolo aliwaita Jivu, Jivu Mdogo, Wimbi, na yule mweupe akamwita Baruti.

Jina hilo alimpa kwa sababu ya Wavinya mwenyewe. "Hii nyeupe inapiga kelele, Baba! Inashinda wote. Hakusumbui?"

"Hapana," Ndolo alisema. Ingemsumbuaje?

Lakini neno lile lilimkaa. Kwa nini mmoja apige kelele kuliko wenzake? Alipokuwa akianza kupoteza masikio, Kalunde alimfinya paja mara nyingi mazishini na harusini: punguza sauti, unapiga kelele. Yeye alidhani anaongea kawaida. Akaanza kumtazama yule paka kwa jicho la pili.

Sultana akirudi kutoka jikoni alifungua mdomo mlangoni, akawaita. Jivu, Jivu Mdogo na Wimbi waliinua vichwa papo hapo. Baruti aliendelea na shughuli yake mpaka aone wenzake wanakimbia, ndipo akakimbia, akifika wa mwisho. Ndolo akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Hivyo ndivyo yeye alivyosimama kanisani. Tena katika mchezo, wenzake wakiumwa hulia na aliyeuma huachia, lakini Baruti haachii, anang'ata tu, mpaka wenzake wakaanza kumkwepa. Na akilala usingizi hakuna kitu cha kumwamsha isipokuwa mtu akikanyaga sakafu karibu naye. Hapo aliruka kabla ya wote.

Hilo la sakafu ndilo lililomaliza ubishi. Kule machimboni, Ndolo akishawasha tambi kumi za baruti na kujificha, kazi yake ilikuwa kuhesabu milipuko. Ikilipuka tisa, hakuna mtu kutoka mafichoni, maana moja imelala kwenye mwamba inangoja mtu. Masikio huvuma baada ya mlipuko wa kwanza, hayaaminiki, kwa hiyo alivua kiatu kimoja akakanyaga mwamba akahesabu kwa unyayo. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Vijana waliocheka kile kiatu walirudi makwao na vidole vyote kwa sababu yake. Sasa alimtazama Baruti amesimama katikati ya chumba, makucha yametandazwa kwenye saruji, akingoja, na akajua kabisa anachofanya.

"Karibu kazini," alimwambia.

Wavinya naye hakuwa mjinga. Wiki ya saba, macho ya wengine yalipoanza kugeuka rangi ya shaba na ya Baruti yakabaki buluu, uso wake uliingia wasiwasi. "Paka nyeupe ya macho ya buluu wakati mwingine inazaliwa kama haisikii," alisema. "Lazima tupime." Akasubiri Baruti ampe mgongo, akainama, akagonga kifuniko cha sufuria sakafuni. Baruti akageuka kama aliyechomwa. Wavinya akacheka kwa furaha, akambusu paka kichwani. "Anasikia! Huyu ndiye yule mteja wangu, Mwalimu Tracy, anangojea kununua tangu mwaka jana."

Ndolo aliliona kosa. Angesema nini? Kwamba ulipaswa kupiga hewani, sio sakafuni? Angeulizwa, wewe umejuaje? Na swali hilo lina jibu moja tu. Alinyamaza, na wiki tano zilizofuata alinyamaza, akimpima Baruti kila asubuhi na kuandika uzito wake, na kila asubuhi akimwona mtoto yule amekuwa mzito na mzuri zaidi, na yeye nafsi inamsuta zaidi.

Wiki ya kumi na mbili ikafika, chanjo zimekwisha, na Jumamosi hiyo Mwalimu Tracy akaja na kikapu kipya chenye blanketi. Alikuwa mwanamke mchangamfu anayefundisha watoto wa chekechea pale Machakos mjini, na kwa bahati aliongea kama mtu anayefundisha chekechea, midomo wazi, neno kwa neno. Ndolo alimpata bila kupoteza hata moja. Tracy alimchukua Baruti akamweka shingoni.

"Atakuwa na raha sana," Tracy alisema. "Kwangu geti iko wazi siku nzima. Barabara iko hapo tu nje, lakini paka wana akili. Akisikia gari atakimbia."

Wavinya alitabasamu. Ndolo aliitazama ile barabara asiyoijua, akamwona Baruti amekaa katikati yake akijilamba, na gari linakuja juu ya matairi ya mpira juu ya lami, na miguu ya paka inachelewa kupata habari. Yeye mwenyewe alikoswakoswa na bodaboda mara mbili mwaka ule. Hakumwambia mtu.

"Hatasikia," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Huyo ni kiziwi. Msimpeleke barabarani."

"Baba," Wavinya alisema, akiona aibu mbele ya mgeni, "si tulipima? Si uliona akigeuka?"

"Ulipiga sakafuni, mwaitu. Alikusikia kwa miguu."

Hakungoja abishiwe. Alimchukua Baruti kutoka kwa mgeni, akamweka juu ya godoro la kitanda, uso ukielekea ukuta. Kisha akaokota kifuniko na mwiko, akampa binti yake. "Sasa simama huko mlangoni. Piga hewani. Usikanyage."

Wavinya akapiga. Katika katoni wale watatu wakaruka, na Sultana akashuka dirishani kwa hasira. Juu ya godoro Baruti aliinua mguu wa mbele, akaulamba. Wavinya akapiga tena, mara tatu mfululizo, kwa nguvu za mtu anayetaka jambo lisiwe kweli. Baruti akahamia mguu wa pili.

"Umejuaje?" Wavinya aliuliza hatimaye.

"Macho tu," Ndolo alisema. "Nimekaa naye."

Akaketi godoroni, akawapa mgongo, akaanza kumpapasa yule paka ili asipate kutazamwa usoni. Alidhani yamekwisha hapo. Mwalimu Tracy alikuwa amezunguka hadi upande wa dirisha, akawa mbele yake, na Ndolo akaona ajabu: mwanamke yule hamtazami paka. Alitazama juu ya bega la Ndolo, kuelekea mlangoni, kisha akamtazama Ndolo, kisha mlangoni tena, na mkono wake ukapanda taratibu ukafunika mdomo.

Ndolo akaelewa. Kifuniko kilikuwa kimepigwa tena, na safari hii hakikupigwa kwa ajili ya paka.

Aligeuka. Wavinya alikuwa amesimama na kifuniko mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

"Tangu lini?" midomo yake iliuliza.

"Ulikuwa darasa la saba."

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye alikuwa masikio yangu."

Wavinya akaketi kwenye kiti cha plastiki. Ndolo akasema, kwa sauti yake kubwa, maana sasa hakuna haja ya kuibana. "Najua ulichosema tulipomzika. Na wewe husemi kitu cha bure. Lakini nisikilize. Kule kwako sakafu hainyamazi. Lori inaingia, lori inatoka, ukuta unatetemeka hata kikombe kinatembea mezani. Sultana alishindwa. Mimi nitajuaje kama ni mtu amekuja ama ni lori? Huku ardhi imenyamaza. Kuku akipita nyuma ya nyumba, najua. Wewe ukishuka pale kwa njia, nakujua hatua zako. Kule ndiko nitakuwa kiziwi, mwaitu. Huku bado."

Binti aliinuka, akamchukua Mwalimu Tracy wakatoka nje. Ndolo aliwaona kupitia dirisha wakizungumza kando ya tangi la maji, lakini walikuwa wamempa mgongo. Baadaye Tracy akaingia, akamwinamia kwa heshima, akamchukua Wimbi badala ya Baruti, akaenda zake. Wavinya alibaki nje na simu yake, akiitazama, akiisukuma kwa kidole, akiitazama tena.

Basi Ndolo akaona mambo yamekwisha. Alitoa sanduku chini ya kitanda, akalifungua. Aliweka suti ya kanisani, mashati mawili, sweta aliyoshonewa na Kalunde, daftari la uzito wa paka. Alipanga taratibu, akiwa ameupa mlango mgongo, hana hasira na mtu. Alisema ukweli na paka hatakufa barabarani, na hilo lina uzito wake. Ila alipofikia kofia yake ya machimboni alishindwa kuamua kama aibebe ama aiache, akasimama nayo mkononi kama mjinga. Baruti alikuwa ameshuka kitandani, amekaa sakafuni kati ya miguu yake.

Mara sakafu ikagonga, mara mbili. Dum, dum, kisigino cha mtu kwenye saruji.

Mzee na paka wakageuza vichwa kwa pamoja.

Wavinya alikuwa mlangoni, amevua kiatu kimoja. Alisogea mpaka mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni, akanyoosha simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na zile picha za daftari, zimejipanga moja chini ya nyingine, tarehe kwa tarehe.

"Themanini na nne," alisema polepole, akilipa kila neno nafasi yake. "Wiki kumi na mbili, Baba, na hujaruka asubuhi hata moja. Mtu wa kushindwa kukaa peke yake hafanyi hivyo." Akavuta pumzi. "Baruti anabaki. Utampima kila siku, unitumie. Siku saa mbili ifike kama sijapata picha, niko njiani."

Ndolo alitaka kusema "Sawa." Akaliacha neno lile, maana safari hii alikuwa ameelewa kila kitu.

"Rudisha hizo nguo," Wavinya akasema, akampangusa baba yake machozi kwa kidole gumba, vilevile mzee alivyowapangusa paka. "Nimekuita mara tatu. Chai inapoa."